Kinachoruka Kiwe cha Bei Nafuu

Ukimwuliza mtu aliyewahi kuunda ndege nyuki ununue vifaa gani kwa ndege yako ya kwanza, utapata jibu moja kati ya mawili. La kwanza husema: anza na vifaa bora kabisa, maana cha rahisi ni ghali. La pili husema: wewe bado unajifunza, chukua chochote cha bei chee, utanunua kizuri baadaye. Majibu haya hugombana kama mke wenza, lakini yamelala kitanda kimoja. Yote mawili yanadhani swali ni bei. Kwa kijana wa Tabora, au wa Urambo, au wa Nzega, swali si bei, na anayemshauri kana kwamba ni bei anamnyang'anya kitu kabla hajakishika.

Mimi ni fundi wa redio na simu. Jumamosi jioni vijana saba huja kwenye karakana yangu, wakiwamo mabinti watatu, nasi huunda ndege nyuki za mota nne kutoka vipande. Hatuuzi, hatupigi picha za harusi. Tunaunda, tunarusha, tunaangusha, tunatengeneza. Nimekaa na swali hili la vifaa muda wa kutosha kuwa na msimamo, nao ni huu: mwanafunzi wa kwanza atumie fedha zake nyingi kwenye vitu vinavyobaki chini, na kidogo iwezekanavyo kwenye vitu vinavyoruka. Ushauri wowote unaogeuza mpango huo kichwa chini ni ushauri wa watu wa mbali kwa watu wa mbali.

Tuanze na umbali, kwa kuwa ndio unaosahauliwa. Mtu anayeishi mahali ambapo mota mpya hufika mlangoni kesho kutwa anaweza kusema neno "bora" akiwa na maana ya nguvu, wepesi na mng'ao. Akivunja, anaagiza. Sisi tukivunja, tunasubiri majuma. Kifurushi kinatoka Uchina, kinafika Dar es Salaam, kinalipiwa, halafu kinapanda basi na kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi hapa. Betri ndizo mbaya zaidi, kwa sababu usafirishaji wa lithiamu kwa ndege una masharti makali na wauzaji wengi hawataki kabisa kuzituma. Kwa hiyo neno "bora" likifika Tabora lazima libadilishe maana. Hapa bora ni kile ambacho kikivunjika saa kumi na moja jioni, saa moja usiku kimeshatengemaa.

Jambo hili si geni katika mji huu. Mji huu ulikua kwa watu waliojua kuchagua mzigo. Burton na Speke walipofika Kazeh mwaka 1857, walikuta soko ambalo halikudanganyika. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na mbele hadi Ujiji ulibeba nguo, shanga na nyaya, na kila mpagazi alikuwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Kila ratili ilihesabiwa. Hao wazungu waliandika kwa masikitiko kwamba shanga iliyotakiwa wilaya moja ilikataliwa wilaya ya pili, na mtu aliyekosea kuchagua pwani angeweza kufika bara na mzigo wa thamani kubwa usionunua chakula cha siku moja. Stanley naye, alipokuwa akijiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alihangaika sana na hesabu ya shanga gani zichukuliwe na kiasi gani. Thamani ya shanga haikuamuliwa na aliyeitengeneza Ulaya. Iliamuliwa njiani, na watu wa njiani.

Au chukua merikani. Nguo ile nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, haikuwa nguo ya kifahari. Hariri zilikuwapo, vitambaa vya Maskati vilikuwapo, na watemi walivitaka. Lakini mzigo uliofungua njia siku baada ya siku ulikuwa merikani, kwa sababu ilikuwa ngumu, ilijulikana, na ilipimika kwa mkono. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata pamba, biashara ilihamia kwenye nguo za Uingereza na India. Njia haikufa, kwa sababu ilitegemea aina ya kitu kinachoweza kupatikana tena, na chapa ilikuja baadaye. Wanyamwezi waliobeba mizigo ile walilielewa jambo ambalo washauri wetu wa leo hawalielewi: kabla ya kuuliza kitu kina uzuri gani, uliza kitafikaje, na kikiisha kitapatikana wapi kingine.

Sasa tuhesabu. Mota moja ya kifahari ya ndege ya inchi tano huuzwa dola 28 hivi. Mota ya kawaida ya kampuni inayojulikana, ya ukubwa uleule, ni dola 13 hivi. Ndege moja ina mota nne. Tofauti ni dola 60. Dola 60 ni bei ya rimoti ndogo nzuri, kama RadioMaster Pocket, inayotumia programu huria ya EdgeTX na mawasiliano huria ya ExpressLRS. Anayekuambia ununue mota za kifahari amekuambia, bila kujua, usinunue rimoti nzuri. Na rimoti ndiyo shule yenyewe.

Rimoti haianguki. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya, unafungua programu ya kuigiza urushaji, na unaangusha ndege mara mia mbili bila kupoteza hata skrubu. Vijana wangu hawashiki ndege halisi kabla ya saa ishirini za namna hiyo, na kompyuta tunayotumia ni ya zamani, kioo chake kina ufa. Ndege ya kwanza ikisha kuzikwa, rimoti ileile itarusha ya pili, ya tatu na ya sita. Kwa hiyo hapo usibane mkono.

Kitu cha pili cha kutobana mkono ni chaja. Betri za lithiamu polima zina tabia za mnyama aliyefugwa nusu. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, na haipaswi kuzidi hapo. Ikishuka chini ya volti 3.5 hivi ukiwa bado hewani, unaanza kuiua. Ukiiweka siku nyingi bila kuruka, iache kwenye volti 3.8. Chaja nzuri hupima kila seli peke yake na kuzisawazisha. Chaja ya kubahatisha huzichukulia zote kama moja, na seli iliyojaa mapema huendelea kulishwa hadi ivimbe, na iliyovimba inaweza kuwaka moto. Umeme ukikatika na kurudi, kama tunavyoujua, ni chaja inayoamua kama itaanza upya kwa akili au kwa wazimu. Kijana anayechaji betri kwenye chumba anacholala na wadogo zake hana haki ya kununua chaja ya hovyo, na mshauri anayemwambia "chochote cha bei chee" anapaswa kuambiwa hivyo usoni. Betri tunachaji juu ya tofali, mbali na pazia, mtu akiwa anaangalia.

Cha tatu ni chuma cha kulehemu chenye kudhibiti joto, na risasi nzuri. Waya mnene wa betri hunyonya joto. Chuma dhaifu huacha kiungo cha baridi kinachoonekana kimeshika, halafu kinaachia ndege ikiwa mita thelathini juu. Nusu ya vitu ambavyo watu huviita "mota mbovu" au "ubao mbovu" ni viungo vibovu. Fundi simu yeyote wa sokoni atakuonyesha kwa dakika tano. Mji huu umejaa walimu wa kulehemu ambao hakuna aliyewaita walimu.

Kuna pia vitu viwili ambavyo hakuna mshauri wa kifahari atakayekuuzia. Kimoja ni kapasita ya mikrofaradi 1,000 na volti 35, ilehemiwe pale betri inapoingilia, kumeza mishtuko ya umeme inayotoka kwenye mota. Bei yake haifiki bei ya soda. Kingine ni balbu ya breki ya gari. Ukiunganisha balbu hiyo kwenye njia ya umeme mara ya kwanza unapowasha ndege mpya, na kukawa na shoti mahali, balbu itawaka badala ya ubao wako kuungua. Duka la spea za magari lipo kila mtaa. Balbu moja imetuokolea vifaa vya thamani kuliko mota zote nne za kifahari.

Basi kinachoruka kiwe nini? Kiwe cha bei nafuu, kijulikane, na kiwe na spea. Fremu ya TBS Source One, kwa mfano, haina siri. Michoro yake imetolewa bure kwa yeyote, viwanda vingi huikata, na kila mkono wa nyuzi za kaboni hufunguliwa peke yake ukivunjika. Nunua fremu na mikono miwili ya ziada siku hiyohiyo. Nunua seti kumi za mapanga. Nunua mota tano, wala si nne. Kamera iwe ya chini kabisa inayoona mbele. Ubao wa kuongozea na vidhibiti mwendo viwe vya daraja la kati, vinavyokubali programu ya Betaflight, kwa kuwa hapo ndipo bei ya chini mno huanza kuuma.

Usisahau pia kwamba tunaruka mahali pengine. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Mapanga hushika hewa kidogo. Yale majedwali ya nguvu ya mota yanayotumiwa kuthibitisha kwamba ya kifahari inaizidi ya kawaida kwa asilimia chache yalipimwa kwenye meza ya mtu mwingine, kwenye hewa ya mtu mwingine. Tofauti ile hapa humezwa na mwinuko, joto la Oktoba na vumbi jekundu. Kinachobaki ni kwamba moja ilikugharimu mara mbili.

Najua pingamizi, na sitalikwepa. Watasema mota za bei ya chini hutetemeka, beringi zake hufa haraka, na mtetemo humchanganya jairo hadi ndege icheze kama mlevi. Ni kweli kwa kiasi. Lakini Betaflight ina vichujio vya mtetemo, na beringi hubadilishwa. Zaidi ya yote, mota ya mwanafunzi haifi kwa uzee. Inakufa kwa mwembe. Njia ya zamani ya misafara kuelekea Kwihara ina miembe mikongwe, na sijawahi kuona mwembe uliouliza bei ya mota kabla ya kuipinda shafti.

Watasema pia kwamba nachanganya rahisi na bandia. Hapana, nazitenganisha. Kifaa cha bei nafuu kina jina, kina maelezo, na watu elfu wameshakifungua na kueleza kasoro zake. Kifaa bandia kina jina la mwenzake, namba za uongo, na betri inayodai uwezo ambao uzito wake pekee unaukanusha. Bandia usinunue, hata ukipewa nusu bei. Lakini usikubali mtu akutishe na bandia ili akuuzie ya kifahari. Kati ya hizo mbili kuna shamba kubwa, na humo ndimo mwanafunzi anamopaswa kulima.

Tena kifahari si ngao. Vidhibiti mwendo vingi vya bei kubwa viliendeshwa na programu funge iitwayo BLHeli_32. Mwaka 2024 waliokuwa wakiitengeneza walisimamisha kazi, na waliolipa zaidi kwa ajili yake wakabaki na vifaa vizuri visivyo na kesho. Waliokuwa wakitumia programu huria ya AM32, mara nyingi kwenye vifaa vya bei ya chini, waliendelea kama kawaida. Kwa mtu aliye mwisho wa njia, kitu kilicho wazi kinashinda kitu kinachong'aa, kwa sababu kilicho wazi hakihitaji ruhusa ya mtu wa mbali ili kiendelee kuishi.

Lakini gharama kubwa kuliko zote ya vifaa vya kifahari haiandikwi kwenye risiti. Ni woga. Nimemwona kijana aliyechangiwa na ukoo mzima kununua ndege ya bei kubwa. Alikuwa akiitoa nje, anaiwasha, anainua mita mbili, anaishusha, anaifuta vumbi na kuirudisha kwenye boksi. Kila sekunde hewani alikuwa akiona ada ya mdogo wake ikining'inia kwenye mapanga manne. Hakujifunza kuruka. Alijifunza kulinda. Binti mmoja wa kikundi chetu, mwenye ndege iliyounganishwa kwa mkanda na subira, aliangusha mara kumi na tisa katika mwezi mmoja, na leo anapita chini ya matawi ambayo mimi mwenyewe siyathubutu. Siku moja aliniuliza, "Fundi, kwa hiyo unataka tununue vibaya?" Nilimjibu, "Nataka mnunue mnavyoweza kuvizika bila matanga."

Ndiyo maana ubishi huu si wa watoto wa michezo. Ni ubishi kuhusu nani ataruhusiwa kuwa mhandisi. Tanzania imekwisha kuona ndege nyuki za maana. Mradi wa kupiga ramani Zanzibar ulianza mwaka 2016, na mwaka 2018 ndege za kupeleka dawa zilijaribiwa kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe. Nazifurahia kazi hizo. Lakini taifa linalopokea ndege zilizokamilika na kuajiri watu wa kubonyeza kitufe halijapata wahandisi, limepata abiria. Mhandisi hutoka kwa aliyekichoma kibao kimoja, akajua kwa nini kiliungua, na cha pili kikawaka sawasawa. Ukiweka bei ya kuingia juu sana, utapata watoto wa wenye nacho tu, nao wataogopa kuangusha.

Taasisi moja, ambayo jina lake halina haja hapa, ililetewa na wafadhili ndege nyuki nzuri ajabu, nyeupe, yenye boksi lake lenye sponji. Ilirushwa siku ya makabidhiano, ikapigiwa makofi. Wiki ya tatu ikavunjika mkono mmoja. Mkono ule haufunguki bila vifaa maalumu, na spea yake haiuzwi peke yake hapa nchini. Iko kabatini hadi leo, na ufunguo wa kabati anao mtu mmoja. Bei ya ndege ile ingetosha ndege tano za kujiundia, chaja mbili, rimoti tatu na vyuma vya kulehemu kwa darasa zima.

Ukitaka kuona kitu cha bei kubwa kilichofika huku kwa akili, itazame MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupakiwa kwenye reli. Reli ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hivyo meli ile ilipita hapa kwetu, msumari kwa msumari, kabla haijaungwa ufukweni mwa Tanganyika. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka injini mafuta mazito. Mwaka 1924 iliibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini, miaka kumi na moja baada ya kuzama. Haikuokolewa na bei yake. Iliokolewa na kuwa kitu kinachofungulika na kufungika, na fundi aliyejua mahali pa kupaka mafuta. Na mwaka uleule wa 1916, koloni lilipokuwa limekatiwa njia za nje, karakana ya reli ya Tabora ilipiga sarafu zake yenyewe, hadi ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Karakana iliyo hai chini inaweza hata kutengeneza fedha. Kitu kilichofungiwa kwenye sponji hakitengenezi chochote.

Kwa hiyo nasema wazi. Kwako unayeanza: rimoti nzuri, chaja nzuri, chuma kizuri cha kulehemu, betri mbili za jina linaloaminika. Kisha fremu nafuu, mota nafuu tano, mapanga rundo, kapasita na balbu ya breki. Kabla ya kurusha, andikisha chombo na utafute kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, maana mji wetu una uwanja wa ndege na kambi za jeshi, na ujinga wa mmoja utafungia mlango wote. Chagua uwanja usio na watu.

Na kwenu wafadhili, wakuu wa shule na wajomba wenye nia njema mnaouliza mtoto anunuliwe ndege gani: msinunue ndege. Nunueni meza, chaja na chuma cha kulehemu, halafu mwulizeni baada ya miezi mitatu ameangusha mara ngapi. Akisema hata mara moja, mmemnunulia kitu ghali mno.